Misimu miwili ya baridi na radieta vuguvugu: rivyu ya joto la mabomba kwenye jengo la 1898, Copenhagen

Nianze na aibu yangu. Mwezi wa kumi mwaka juzi nilimpigia simu mtunza jengo saa moja asubuhi nikamwambia radieta zote zimekufa, njoo uone, nyumba nzima hamna joto. Akaja mzee wa watu na kikombe chake cha kahawa mkononi, akashika radieta ya sebuleni, akatazama kipimajoto changu ukutani kinasoma 21, akaniuliza sasa shida iko wapi? Nikamwambia shika vizuri basi, haiunguzi! Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Haitakiwi kuunguza, akasema, tumeshusha joto la maji, karatasi iko pale ngazini tangu mwezi wa nane. Nikashuka kuangalia na kweli ipo, imebandikwa nyuma ya baiskeli ya mtu, Kidenishi kitupu, na neno "fremløbstemperatur" limerudiwa mara sita bila yeyote kueleza ni mdudu gani.

Sasa hii ndo rivyu yangu ya hiyo huduma baada ya misimu miwili. Naandika kwa sababu kila mwaka kuna mtu wa kwetu anahamia huku, Copenhagen au Århus au ng'ambo pale Malmö, Sweden, anapata chumba kwenye haya majengo ya zamani yenye dari refu na sakafu ya mbao inayolia, ikifika Novemba ananitumia voisi ya dakika nne analalamika radieta ni mbovu. Na nusu ya hizo radieta sio mbovu. Nusu nyingine ni mbovu kweli, ntafika huko.

Mimi ni mtu wa Njombe kwa hiyo baridi sikuja kujifunzia Ulaya. Ila kwetu mwezi wa sita baridi unaingia nayo mpaka ndani, unakula umevaa koti, unasogea jikoni kwa sababu ndo kwenye moto, na moto ni kitu unachokiona na ukikishika unaungua. Nikaja huku na akili hiyo hiyo, nikadhani radieta ni jiko tu lililotundikwa ukutani. Ikiunguza mkono inafanya kazi, isipounguza imekufa. Miaka yote ya mwanzo ilikuwa inaunguza kweli, tulikuwa tunaanikia soksi pale zinakauka kabla chai haijapoa, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kujiuliza chochote.

Kwa asiyejua mfumo wenyewe ulivyo: huku majengo mengi ya mjini hayana boila yake. Maji ya moto yanatoka mbali huko, yanapita kwenye mabomba chini ya barabara yanaingia jengo kwa jengo kama tunavyoletewa maji ya kunywa, yakishatoa joto yanarudi na bomba jingine kwenda kupashwa tena. Wenyewe wanaita fjernvarme, yaani joto la mbali, sisi kwenye grupu letu tunasema joto la mabomba tu. Denmark nzima kama theluthi mbili ya nyumba zinapashwa hivi na Copenhagen ni karibia zote, asilimia 98 hivi. Joto lenyewe linatoka sehemu nyingi, mitambo ya umeme inayochoma mbao na majani makavu, na taka, na ile Amager Bakke mnayoipiga picha mkija kutembea, ile ambayo watu wanateleza na ski juu ya paa, ndo hiyo hiyo inachoma taka zetu na kuturudishia joto. Na sio mambo ya juzi, Frederiksberg, mji uliozungukwa na Copenhagen, mwaka 1903 walishaanza kuchoma taka na kupasha hospitali, nyumba ya watoto na nyumba ya maskini. Ila lilisambaa hasa baada ya mafuta kupanda bei 1973, wakaona hawawezi kuendelea kuchoma mafuta ya watu kila nyumba na tanki lake, ikatoka na sheria kabisa ya joto 1979.

Maji ya mtaani kwetu hayaingii kwenye radieta moja kwa moja. Chini besimenti kuna mtambo una ukubwa wa friji mbili, ndani una mabati membamba yamepangwa kama kurasa, maji ya mtaa yanapita upande huu na maji ya jengo upande ule, yanapeana joto bila kugusana. Nje ukutani upande wa kivuli kuna kihisi, baridi ikizidi mtambo unapandisha joto la maji ya radieta, hali ikiwa nafuu unashusha. Zamani siku ya barafu maji yalikuwa yanapanda ghorofani na nyuzi 75. Sasa siku za kawaida yanapanda na 55, baridi kali sana ndo wanayaachia yafike 65. Hiyo ndo fremløbstemperatur, joto la maji yanapoanza safari. Wangeandika hivyo tu kwenye karatasi, mstari mmoja, mimi nisingemwamsha mzee wa watu.

Na kwa nini washushe? Nilidhani ni ubahili. Kumbe maji yakiwa moto sana yanapoteza joto njiani, unakuwa unapasha udongo wa barabarani bure, na pia huwezi kutumia vyanzo vya joto dogo kama pampu za joto zinazovuta kwenye maji ya bahari au maji machafu, au joto la kutupwa kutoka viwandani na kwenye majumba ya kompyuta, kwa sababu hivyo vitu kukupa nyuzi 55 au 60 ni kazi rahisi lakini kukupa 90 vinahema. Mji wa Albertslund hapo jirani wameamua kabisa wanaelekea kwenye joto la chini mtaa mzima. Sisi ni jengo moja tu lakini ndo njia hiyo hiyo.

Sasa hesabu, maana kuna mtu lazima aseme haiwezekani maji ya 55 yapashe jengo la zaidi ya miaka 120. Na mimi nilisema. Shemeji yangu ni fundi wa mambo ya mabomba, akanikalisha chini. Radieta ambayo kwenye katalogi inatoa wati 1000 maji yakiingia na 75 yakitoka na 65, ukiipa maji yanayoingia 55 yakatoka 45 chumba kikiwa 20 inatoa wati mia tano na kidogo. Nusu! Nikasema si unaona, wametuibia nusu. Akaniambia tulia shemeji. Huku vifaa vya joto wanavipimia siku mbaya kabisa, nje hasi 12 ndani 20, tofauti ya nyuzi 32. Januari ya kawaida Copenhagen inacheza kwenye 1 au 2 juu ya sifuri, tofauti ni kama 19, kwa hiyo unahitaji asilimia 60 tu ya lile joto la siku mbaya. Alafu radieta zenu ziliwekwa wakati madirisha ni kioo kimoja, leo yana kioo cha pili kwa ndani, nyumba inavuja kidogo kuliko zamani. Na mafundi wa enzi zile walikuwa hawapimi kwa ubahili, akiona inatosha ya mbavu kumi anaweka kumi na nne. Kwa hiyo nusu ndo unachohitaji, siku nyingi. Nikakosa la kusema, nikamwongezea chai.

Kwa hiyo kwenye karatasi inatosha, ila kwenye nyumba yangu msimu wa kwanza haikutosha, na hapa ndo nataka mnisikilize maana makosa mengine yalikuwa yangu na mengine ya jengo.

La kwangu kubwa: nilikuwa nafungua radieta moja ya sebuleni mpaka namba 5 na kufunga zingine zote, nikiamini nabana matumizi. Wengi wetu tunafanya hivi, si ndo tunavyowasha taa, chumba usichokaa unazima. Maji yakiwa 75 unaweza kucheza mchezo huo, radieta moja inabeba nyumba. Maji yakiwa 55 haiwezi. Inakimbia yenyewe, maji yanapita mbio yanarudi chini bado ya moto, na sebule inabaki 19, na vyumba vilivyofungwa vinakuwa friji vinavuta joto la sebule kupitia kuta. Aliyenifungua macho ni bibi wa chini yangu, yuko kwenye hilo jengo tangu enzi za majiko ya chuma vyumbani, alikuja kulalamika kwamba dari lake ni baridi, yaani sakafu yangu inamnyonya joto! Akazunguka nyumba yangu bila hata kuombwa akaweka zote kwenye namba 3, akasema ziache hivyo wiki moja usiguse, na hilo sofa liondoe hapo.

Sofa lilikuwa limeziba radieta. Kile kichwa cha kuzungusha chenye namba, themostati, kina kitu ndani kinachotanuka kikipata joto na kusukuma pini kufunga maji. Ni ugunduzi wa hapa hapa, Mads Clausen wa kampuni ya Danfoss mwaka 1943, na namba 3 maana yake ni kama nyuzi 20 au 21. Inapima hewa iliyokizunguka, haijui wewe umekaa wapi. Ukiziba na sofa au pazia nene yenyewe inaona kuna joto la kutosha inafunga maji, wewe katikati ya chumba unatetemeka. Nikasogeza sofa, nikafupisha pazia, nikaacha zote namba 3. Siku ya tatu sebule 21, na radieta ukishika juu ni vuguvugu na chini ni baridi kabisa. Hiyo ya chini kuwa baridi ilinisumbua roho muda mrefu, nikiamini maji hayafiki. Yanafika, ila yanatoka yameshaacha joto lote kwako. Chini ikiwa moto sana ndo ujue unarudisha joto ulilolipia.

Kuna shoga yangu wa Mombasa anakaa Malmö, alikuja wikendi moja Februari, akavua koti, akavua sweta, akakaa nusu saa, alafu akapita anashika radieta moja moja kama daktari. "Wee dadangu, nyumba ina joto lakini hizi radieta mbona zi baridi? Joto latoka wapi?" Nikamwambia ulivyouliza wewe ndivyo nilivyompigia simu mtunza jengo.

Haya, makosa ya jengo sasa. Chumba changu cha kulala kiko mwisho kabisa, ukuta wake wa nje ni ule mkubwa usio na dirisha, matofali tu na upepo wa bahari unaupiga uso kwa uso. Hata themostati ikae 5 chumba hakikuvuka 17 na nusu. Radieta yake ni ndogo, bapa, nafikiri mtu aliibadilisha zamani akaweka ya kuvutia macho akaitupa ile ya mbavu. Ukiwa na maji 75 haikuonekana, walipofika 55 ikaanika siri zote. Shemeji akaniambia hili linajulikana kabisa, pale chuo kikuu cha ufundi DTU walichunguza nyumba za miaka ya 1930 wakaona kwamba nyumba nzima inaweza kuishi na maji ya joto la chini isipokuwa radieta chache dhaifu, na hizo chache ndo zinalazimisha watu wapandishe maji ya nyumba nzima. Dawa ni kubadilisha hizo chache tu, mengine yote unayaacha. Nikaiandikia kamati ya jengo. Kimya. Nikaandika tena na picha ya kipimajoto. Wakanijibu nivae soksi. Naapa. Miezi mitatu hiyo, Desemba mpaka Machi, nimelala sebuleni kama mgeni kwenye nyumba ninayoilipia.

Kilichoikoa ni kwamba nyumba za pembeni juu yangu na chini yangu nao walikuwa na shida ile ile, wakaandika, tukawa sauti tatu. Mwezi wa tano akaja fundi, akatoa ile bapa akaweka nene ya safu mbili, upana ule ule, kazi ya asubuhi moja. Akashuka besimenti akasawazisha nguzo za mabomba, yale ya wima yanayopandisha maji ghorofani, maana kumbe nyumba zilizo karibu na mtambo zilikuwa zinakunywa maji yote na sisi wa mwisho tunapata makombo, kila valvu akaibana kwa kiwango chake. Na chini ya dirisha la sebuleni pale nyuma ya radieta ukuta ni mwembamba kuliko kwingine, wajenzi wa zamani walikuwa wanachonga kijishubaka hapo, yaani kitu cha moto kuliko vyote ndani ya nyumba kimewekwa kwenye ukuta mwembamba kuliko zote. Wakajaza kizuia baridi hapo, ubao wa sentimita chache tu. Huwezi kubandika nje, sura ya jengo inalindwa, na ndani ukibandika ovyo ukuta unalowa nyuma ya ubao na ukungu unaota, kwa hiyo ukuta mkubwa wa chumbani waliuacha ulivyo.

Msimu wa pili chumba cha kulala 20 bila kelele. Maji yale yale ya 55.

Nimezungumzia namba za kipimajoto sana lakini kuna kitu namba haisemi. Wakati wa ile shida kuna siku sebule ilisoma 21 na bado nahisi baridi, hasa jioni nikikaa meza ya dirishani. Hapa Denmark alikuwepo profesa mmoja Ole Fanger, miaka ya 1970 hivi, kazi yake ilikuwa kuweka watu chumbani na kuwauliza wanajisikiaje, na alichoonyesha ni kwamba starehe ya joto sio hewa peke yake, ni mambo sita, joto la hewa, joto la kuta na vioo vinavyokuzunguka, mwendo wa upepo, unyevu, nguo ulizovaa na kazi unayofanya. Mwili wako unarushiana joto na kioo cha baridi hata kama hewa katikati ni nzuri. Na zamani radieta ya moto chini ya dirisha ilikuwa inarusha hewa ya moto juu kwa nguvu inazuia ule ubaridi unaoporomoka kutoka kwenye kioo. Ikiwa vuguvugu hilo pazia la hewa linakuwa dhaifu, ubaridi unateremka miguuni. Sijaona mtu analieleza hili kwenye matangazo ya joto la chini. Dawa niliyopata ni mpira wa kuziba nyufa za dirisha, wa bei ndogo tu, na kufunga kile kioo cha ndani vizuri, na meza nikaihamisha. Fanger huyo huyo ndo alisema hata ukipanga kila kitu sawa bado kama watu 5 kwenye 100 hawataridhika, na wote watano wako kwenye kamati ya jengo letu, wanagombana kila mkutano.

Jambo lingine ambalo hakuna karatasi ilisema ni bafu. Bafu letu halina radieta, halijawahi kuwa nayo. Lilikuwa linapashwa na lile bomba la wima linalopita kona kwenda juu, bomba tupu halina hata nguo, na maji yakiwa 75 bomba hilo lilikuwa radieta ya bure, halina mita. Waliposhusha maji na bomba likapoa, bafu likapoa. Watu wa ngazi nzima wakashangaa kwa nini bafu limekuwa baridi na hakuna aliyegusa kitu. Mimi nimenunua zulia na nimekubali. Jirani wa juu kaweka hita ya umeme na umeme anajua mwenyewe anavyoulipa.

Maji ya kuoga yenyewe sina malalamiko hata moja. Hayo hawayashushi kiholela, kwenye tanki wanaweka karibu 60 na yanayozunguka kwenye mabomba yasishuke chini ya 50, kwa sababu kuna bakteria wa Legionella wanaopenda sana maji ya uvuguvugu yaliyokaa, na ukivuta vitone vyake vidogo vya hewani bafuni unaweza kupata homa mbaya ya mapafu. Ndo maana hata radieta zikitaka maji ya 45 kuna kikomo cha kushusha, bomba la kuoga linakataa. Nimeoga saa kumi na moja alfajiri ya Januari watu wote wanaoga, hayajawahi kuniishia, na mtu aliyekulia kuchemsha maji kwenye sufuria anajua thamani ya sentensi hiyo.

Tabia nyingine niliyolazimika kuacha ni kuzima usiku. Zamani nazima saa nne usiku nawasha asubuhi, nikimaliza kupiga mswaki nyumba imeshapata. Na maji ya 55 ukizima usiku zile kuta nene za matofali zinapoa taratibu na asubuhi zinachukua nusu siku kurudi, unarudi kazini ndo zinaanza kukukubali. Sasa naacha sawa muda wote. Nafungua madirisha yote dakika tano asubuhi na tano jioni kutoa unyevu, hasa nikipika pilau au nikianika nguo ndani, kabla ya kufungua nafunga themostati maana ikipigwa na baridi ya nje inadhani msimu umebadilika inafungua maji yote. Shoga yangu anasema ni kama kulea mtoto mchanga. Kidogo ni kweli.

Pesa. Unalipa makadirio kila mwezi, mimi krone 650, mwisho wa mwaka inapigwa hesabu. Kwenye kila radieta kuna kidubwasha cheupe kinahesabu ilivyotumika, alafu bili ya jengo zima inagawanywa kufuatana na hizo hesabu, na nyumba za pembeni na za juu kabisa wanapunguziwa kidogo kwa sababu ya kuta zao za nje. Mwaka wa kwanza na sofa langu na namba 5 yangu nikadaiwa 1,900 zaidi. Mwaka wa pili wamenirudishia 1,100. Sio maji ya joto la chini pekee yaliyoshusha bili, ni radieta mpya na tabia mpya pia, siwezi kuwatenganisha. Na jengo lenyewe linapata nafuu kwa kampuni kwa sababu kampuni nyingi za joto huku zinakutoza zaidi ukirudisha maji ya moto na zinakupa ahueni ukirudisha yaliyopoa, ndo maana yule bibi wa chini alinikasirikia vile, namba 5 yangu ilikuwa inamgharimu na yeye.

Kampuni huwezi kuchagua. Bomba lililo mtaani ndo hilo hilo, hakuna mshindani wa kuhamia. Kinachonipa moyo ni kwamba kisheria haya mashirika ya joto hayaruhusiwi kutafuta faida, wanatoza gharama tu. Vuli ya 2022 bei za gesi zilipopanda na ofisi za serikali zikaambiwa zisizidi nyuzi 19, rafiki zangu wenye boila za gesi walikuwa wanalia kilio cha mbwa, mimi bili yangu haikuruka kwa kiasi chao.

Kero ndogo ndogo zipo. Vuli ikianza lazima radieta moja ikatae kwa sababu pini ya themostati imeganda kiangazi chote, unatoa kichwa unaigonga kidogo inaachia, kiangazi kinachofuata ukiacha imefunguliwa mpaka mwisho haigandi. Hewa inaingia kwenye mabomba inapiga kelele kama mtu anameza maji, unaitoa na kiufunguo kidogo, kitambaa chini, ikianza kutema maji funga. Soksi hazikauki tena pale juu, nimenunua kamba.

Ukienda kuangalia nyumba ya kupanga kwenye majengo haya usishike radieta ukaridhika au ukakimbia. Uliza maji yanapanda na nyuzi ngapi siku ya sifuri. Angalia chumba cha mwisho kina radieta ya namna gani, nene au bapa. Kaa dirishani dakika kumi bila koti, uone miguu inasema nini. Uliza bafu linapashwa na kitu gani, wakikwambia "bomba" unajua la kufanya.

Huduma ya joto yenyewe naipa nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa ajili ya bafu. Kamati ya jengo nyota mbili, walikuwa wapate moja, ya pili ni ya fundi waliyemleta. Mtunza jengo tano, na nilimpelekea kilo ya kahawa ya Mbozi kufidia ile iliyomwagika. Karatasi bado iko ngazini, baiskeli pia.